Mrija wa Papa Ndayambaje

Kabla vita havijamfukuza kutoka mashamba yake juu ya Nyabiondo, katika vilima vya Masisi, Papa Ndayambaje alijulikana kwa mdomo wake. Alilima maharagwe na mihogo kama wenzake, lakini familia yoyote ya jirani ikitaka kuposa au kuozesha, yeye ndiye aliyetumwa kusema. Aliweza kukataa kwa heshima saa nzima, kisha akakubali kwa neno moja, na pande zote mbili zikaondoka zikiamini kwamba zimeshinda.

Mwaka 2009 alikimbia na mkewe, Nyirabagenzi, na binti yao, Uwimbabazi. Walilala porini kwenye mvua, wakateremka kwa miguu hadi Sake, mji mdogo wa kando ya ziwa, wakapewa chumba na watu wa parokia. Asubuhi moja, muda mfupi baada ya kufika, aliinua kikombe cha uji na uji ukamwagika kifuani. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea. Jicho halikufumba, shavu lilining'inia, pembe ya mdomo ilishuka. Hakuwa amepigwa wala kuanguka. Kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuonyesha, majirani wachache waliomwona wakampatia moja: amerogwa.

Yeye mwenyewe hakukubali wala hakubisha. Alifunika tu. Alijizungushia skafu kutoka shingoni hadi puani, akawaambia watu kwamba baridi ya ziwa haimpendi. Akawa anakula ameelekea ukutani, na wageni wakija, mtu yule wa maneno alijibu kwa kichwa.

Hali ikiwa hivyo, posa ikafika. Stéphane, kijana wa kabila la Wanande, alisimamia depo ya baba yake pale Sake. Alinunua maharagwe na kuyapakia kwenye lori la Mubi, ambako baba yake, Papa Kataliko, alikuwa na duka. Uwimbabazi alikuwa akichambua maharagwe kwenye depo hiyo, na wawili hao walikuwa wamekwisha kupatana. Kataliko, Mkatoliki apendaye kila jambo lifuate njia yake, alisema kwamba binti wa Masisi ataombwa kwa desturi ya Masisi. Akaja na mtungi wa kasikisi, pombe ya ndizi, na mrija wa tete.

Desturi yenyewe ni fupi. Aliyeleta pombe huonja kwanza kwa mrija, mbele ya wote, ili ijulikane kwamba haina kitu. Baba wa binti hupokea mrija uleule. Akivuta, maneno yanaanza. Katika miaka ile, ambapo kila kifo cha ghafla kiliitwa karuho, yaani sumu ya kificho, kuvuta mrija kulikuwa sawa na kusema: nakuamini.

Kataliko alivuta, akameza, akafuta mrija kwa kiganja, akamkabidhi mwenyeji wake. Ndayambaje alijua midomo yake haiwezi kuubana. Pombe ingemtiririka kidevuni mbele ya wakwe, nao wangesema binti huyu anatoka nyumba iliyorogwa. Akaushika mrija, akautazama, akaurudisha mtungini bila kuuweka mdomoni.

Kataliko alichukua kofia yake, na alipofika mlangoni akageuka.

"Papa, nimekunywa mbele yako," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa unaniita mulozi wa karuho mbele ya mutoto yangu."

Siku chache baadaye Stéphane alileta ujumbe, akiutazama mlango badala ya kuwatazama wenye nyumba. Baba yake angerudi Sake baada ya mavuno ya maharagwe, kwa ajili ya mzigo. Angepita mara moja tu. Kama mzee angeuogopa mrija tena, vijana waachane na habari iishie hapo.

Uwimbabazi hakumlaumu baba yake, na hilo lilimwuma kuliko lawama. Nyirabagenzi alitaka aende depo mwenyewe akawaeleze kila kitu. Mumewe alimkataza yeye na binti pia: wakisikia habari ya uso wake, woga wa sumu utaondoka na woga wa uchawi utaingia.

"Kama hautaki waambiwe," mkewe akasema, "basi ufundishe hiyo mudomo kunywa."

Ndayambaje alianza kujifundisha vile alivyojua kufanya kazi zote, kama mtu anayevunja ardhi ngumu. Alitafuna muwa kwa upande uliolegea mpaka taya likauma. Alijaza mashavu upepo hadi mishipa ya shingo ikatokeza. Baada ya muda mdomo ulikuwa umevutwa kushoto zaidi kuliko mwanzo, na ndipo alipokubali kwenda na mkewe kwa Emérence.

Emérence alikuwa kine katika kituo cha afya, yaani mtu wa kurudisha nguvu za misuli. Watu walimjua kwa kuwasimamisha waliovunjwa miguu, lakini nusu ya asubuhi yake ilikuwa ya midomo na ndimi: watoto waliolala mdomo wazi, waliosukuma chakula nje kwa ulimi, watu wazima waliopata majeraha ya taya. Alimwomba Ndayambaje avue skafu. Alimtaka afumbe macho, atabasamu, akunje paji la uso. Akamweleza kwamba mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya sikio kwenda usoni ulikuwa umepata ugonjwa, kwamba wengine hupona haraka na wengine polepole, na kwamba hapakuwa na mchawi yeyote anayejua kuchagua mshipa huo.

"Papa, hii mudomo haikufa," alimwambia. "Ona, jicho inaanza kufumba. Lakini ukitumia nguvu, upande muzima njo utafanya kazi yote, na huyu mugonjwa atabaki kulala."

Kwa mkulima, hiyo ilikuwa amri ngumu: afanye kidogo, polepole, na akichoka aache. Alipewa kioo kilichong'olewa kwenye pikipiki. Mbele ya kioo hicho alikutanisha midomo kama anayetaka kusema "mmm", akiinua pembe ya kulia kwa kidole. Aliweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, akameza mate midomo ikiwa imefungwa, bila kukunja shingo. Kisha ukaja mrija mfupi na maji kidogo, halafu mrefu kiasi.

Jirani yake kwenye benchi alikuwa Consolée, msichana mdogo aliyepoteza meno ya mbele na ambaye ulimi wake ulikuwa ukichungulia kila alipomeza. Walifanya mazoezi pamoja, na mtoto hakuwa na huruma.

"Papa, maji inakukimbia," alimwambia. "Miye yangu inabaki."

"Yako inabaki sababu uko na mulango wazi mbele, inaogopa kuanguka," Ndayambaje akamjibu.

Nyirabagenzi, aliyekuwa amekaa karibu, aliinama kuficha uso. Ulikuwa mzaha wa kwanza kutoka kwa mumewe tangu Nyabiondo.

Maharagwe yakavunwa. Jicho sasa lilifumba, shavu lilikuwa limepanda, lakini bila kidole pembe ya mdomo ilikuwa ikiachia. Emérence hakumdanganya. Alimwambia kwamba mdomo wake peke yake haujawa tayari, bali ukisaidiwa na kidole unaweza. Ndayambaje alielewa maana yake. Angeweza kuvuta mrija, au angeweza kuficha uso. Hakuweza yote mawili.

Kataliko alipofika, kwanza alikataa kiti. Mtungi uliwekwa katikati. Alionja kama desturi inavyotaka, akatoa mrija bila kumtazama mtu. Ndayambaje alivua skafu, akaikunja juu ya magoti. Aliupokea mrija kwa mkono wa kushoto. Kwa kidole cha mkono wa kulia akainua pembe ya mdomo wake, mbele ya wote, akafunga midomo kuzunguka tete.

Mwanzoni ilisikika hewa tu. Uwimbabazi, aliyesimama karibu na pazia, alishika ukuta. Baba yake akatulia, akapumua kwa pua, akaanza upya, kidogo, polepole. Kasikisi ilipanda. Aliishika mdomoni, ulimi ukaenda mahali pake, akameza. Tone moja tu lilitoka, akaliacha lishuke mpaka kidevuni.

Kataliko alitazama kile kidole, kisha shavu, kisha skafu iliyokunjwa.

"Kumbe ilikuwa mudomo," alisema.

"Ilikuwa mudomo, Papa. Haikuwa weye."

Kataliko aliketi kwa uzito wa mtu aliyetua gunia. Akasema mama yake mzazi aliamka hivyohivyo, zamani, kule Butembo, na akaishi miaka mingi akiwatukana wote kwa mdomo huohuo. Kataliko mwenyewe alikuwa amesafiri njia nzima kutoka Mubi akitafuta ubaya aliomtendea mtu huyu, na hakuuona.

"Ungesema tu, tungekuletea kijiko," aliongeza, na Stéphane, ambaye hakuwa amevuta pumzi vizuri tangu asubuhi, akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe.

Mrija ulikuwa umevutwa, basi maneno yakaanza. Nyirabagenzi alitoka kwenda kugeuza chakula motoni. Kutoka jikoni alimsikia mumewe akiwajulisha wageni, kwa masikitiko makubwa, kwamba binti yake bado ni mdogo, kwamba njia ya Mubi ina matope, kwamba familia haijawahi kutoa mtoto kwa watu wanaopakia maharagwe kwenye lori. Herufi za midomo, m na b, zilimtoka zikiwa laini, "Mubi" ikisikika kama imefungwa kwenye pamba, lakini hakuruka hata moja. Kataliko alijibu kwa unyenyekevu. Ndayambaje akakataa tena, kwa heshima zaidi.

Nyirabagenzi aliondoa sufuria motoni ili chakula kisiungue, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Alimjua mumewe. Wangengoja sana.