Muuza Vitabu vya Historia

Tangu duka la vitabu la serikali alilofanyia kazi lifungwe, muuza vitabu huyu hutandaza vitabu vyake kwenye turubai karibu na kivuko cha kwenda Kamanga, katikati ya marundo ya mitumba. Kila kitabu hukifuta kwa kiganja kabla ya kukukabidhi. Ukitaka cha historia hakuulizi umesoma mpaka wapi. Anauliza kwenu ni wapi, ndipo achague. “Ruka dibaji,” hutuambia. “Fungua katikati uone kama mwandishi anajua kusimulia.”

Juzi Paskazia, mjane anayeuza dagaa, alishika kitabu cha Vita vya Kagera. “Mume wangu katajwa humu?”

Nilidhani muuzaji atakisifia, maana ni biashara yake.

“Hapana, mama. Wametajwa wakubwa tu. Lakini mto waliouvuka umeelezwa vizuri.”

“Basi nisomee hapo.”

Wakachuchumaa wote wawili, muuzaji akasoma, sauti yake ya kunadi ikishuka kidogo kidogo. Feri ilipiga honi, abiria wakaikimbilia, Paskazia hakuinuka.

“Maji yalikuwa ya baridi?” aliuliza.

“Bado hakijasema, mama,” akajibu, akafunua ukurasa uliofuata.