Linah Jerop alivyojifunza kusimama kando

Ukungu bado haujainuka kwenye barabara ya Endebess, nje ya mji wa Kitale. Linah Jerop anatazama kioo cha pembeni, anawasha indiketa, anaacha baiskeli mbili zipite, kisha anaitoa pikapu barabarani taratibu hadi inatulia kwenye nyasi. Wafugaji wanaanza kusogeza mitungi ya maziwa.

"Huyu hajawahi kutumwagia maziwa," anasema mfugaji Kiplimo, akicheka.

Hadi mwaka 2004, Linah, mama wa watoto watatu, alikuwa akiosha mitungi kwenye kituo cha kupozea maziwa. Dereva wa kituo, Mzee Ngari, alikaribia kustaafu, na Linah alikuwa ameahidiwa usukani akipata leseni.

Mtihani wa kwanza, mjini Kitale, ulimwendea vibaya. Polisi aliyemtahini alisema, "Simama kando." Linah akakata kushoto papo hapo bila kutazama nyuma. Mwendesha baiskeli aliyewabeba mama na mtoto akamkwepa, wote wakaanguka mtaroni. Hawakuumia.

"Yule mama alinitazama tu. Afadhali angenitusi," anasema Linah. "Nikamwambia Mzee, mimi na gari basi."

Ngari alikataa katakata. Jioni, kazi ikiisha, alipanga mitungi mitupu uwanjani kama magari yaliyoegeshwa, akaketi kando ya Linah garini.

"Kioo kwanza, mama. Halafu indiketa. Gari itakungoja, si ng'ombe hii," alimwambia. Mitungi iliyobonyea kwa kugongwa na Linah aliinyoosha mwenyewe kwa nyundo.

Nafasi nyingine ya mtihani ilipatikana Bungoma. Mtahini alikuwa Afande Wepukhulu. Walipofika mbele ya lango la hospitali, akaamuru ghafla, "Haya, simama hapa."

Linah akapunguza mwendo, lakini hakusimama.

"Afande, hapa ni langoni. Nitafungia wagonjwa njia. Wacha nisimame pale mbele."

"Si nimesema hapa?"

"Nimesikia, afande. Lakini hapa siwezi."

Akasonga mbele, akatazama nyuma, akasimama sambamba na ukingo wa barabara, akavuta breki ya mkono. Wepukhulu akashuka, akakagua magurudumu, akainama dirishani.

"Nilitaka kuona kama utakubali," akasema. "Umepita, mama."

"Nililia hapo hapo. Afande akanipa leso yake, bana!" anakumbuka Linah.

Leo Ngari analima mahindi huko Moi's Bridge. Linah humtembelea kila apatapo nafasi.

"Alikuwa amechoka, bibi yake anamngojea na chakula, na bado anakaa na mimi uwanjani. Namshukuru Mungu kwa huyo mzee."

Sasa ni Linah anayemfundisha Dinah, rafiki yake anayeosha mitungi kituoni, na ambaye mtihani wake umekaribia.

"Akipita, siku hiyo usukani ni wake," anasema Linah. "Mimi nitakaa nyuma na maziwa, nishangilie mpaka Kitale."