Kilo Nilizozificha Homa Bay

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana aibu yenyewe bado haijapoa. Mimi ni mtu wa kushuku; hata nikisalimiwa vizuri kupita kiasi nashika mkoba.

Basi binti yangu Akinyi, aliyeolewa Komoro, akajifungua mjukuu wangu wa kwanza, na mimi sijawahi kufika kwake kwa sababu nauli ilikuwa ya kuuza ng'ombe. Mara tunasikia sheria za ndege zimelegezwa, kampuni ndogo nazo zimeruhusiwa kwenda visiwani, nauli imeshuka, unapandia hapa hapa Homa Bay na kubadilisha ndege Nairobi. Nikajiuliza, wakipunguza hapa watanikamua wapi? Dada wa tikiti alipopiga simu kuuliza, "Mama, uko na kilo ngapi?" nikasema moyoni ndiyo hiyo (wanilipishe kama gunia la mahindi!), nikamjibu, "Hamsini na tano."

Siku ya safari akina mama wa kanisa walinisindikiza wakiimba, nami na mfuko wangu wa omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, na unga wa wimbi wa uji wa mzazi, kumbe kindege chenyewe ni kidogo na kila abiria anapanda mizani mbele ya watu. Nilipanda nimeshikilia nguzo nijipunguzie, na bado ikasoma tisini na mbili.

"Mama," rubani akasema, na wimbo ukakatika, "si ulituambia hamsini na tano?"

"Mizani yenu imechezewa!"

Mama Atieno, mwenyekiti wetu, aliyepimwa kliniki juzi tu, akapanda kuijaribu. Ikasoma sawasawa na kliniki.

"Yawa!" akasema, eti ananong'ona. "Hizo zingine ulikuwa umeziacha nyumbani?"

Kiwanja kizima kikacheka. Rubani hakucheka. "Tulipanga mizigo kwa kilo mlizotaja. Ama ubaki wewe, ama mfuko."

Nikamwachia Mama Atieno mfuko, nikapanda nikilia.

Akinyi alinipokea na mtoto mkononi, akachungulia nyuma yangu. "Mama, omena yangu?" Nikamweleza yote, kwa uchungu. Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Kilo tisini na mbili za mama zinanitosha."

Nimeapa, uzito wangu sitaudanganya tena. Ila Mama Atieno anasema ile omena iliharibika, na hilo siliamini hata kidogo.