Khanga nilizotundika darasani zilivyoizidi kete projekta yangu

Wakuu, za saa hizi. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu, na sina sababu ya kukitia chumvi maana chumvi ilikuwamo tayari.

Mimi ni mwanachuo wa ualimu, kwetu Newala. Field, yale mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule moja ya msingi wilaya ya Kilwa, vijiji vya pande za Miteja. Jina la shule naliweka kapuni, walimu wake nawapenda na najua wengine wamo humu humu wanasoma kimya kimya.

Nikafika kifua mbele. Begani laptop, mkononi projekta ndogo niliyoazima kwa mshkaji wangu wa chuo. Kule chuoni tulishaimbishwa TEHAMA mpaka tukawa tunaiota. Nikajua hawa watoto wa darasa la pili wakiniona watasahau hata kwenda mapumziko.

Mwalimu wao wa darasa alikuwa Madam Hadija. Mama wa makamo, mpole, ila ukimletea mbwembwe anakutazama tu mpaka unaishiwa maneno mwenyewe.

Siku ya kwanza akanionyesha mtoto wa dawati la nyuma, anaitwa Somoe.

"Huyu bado hasomi. Herufi anazijua, kuunga silabi kunamshinda. Mwaka ukiisha hivi atarudia la pili, wenzake waende la tatu."

Somoe alisikia. Akainama, akawa anakwangua dawati kwa kucha.

Wakuu, iliniuma. Nikajikuta nasema, "Madam, niachie mimi. Nina video za silabi, atasoma kabla sijaondoka."

Madam akajibu, "Inshallah." Ile inshallah ya kumalizia mazungumzo.

Sasa kimbembe kikawa madirisha. Mnazijua shule zetu. Dirisha ni nondo tu, hakuna shata wala pazia, na jua la Kilwa saa nne asubuhi halina adabu. Nikawasha projekta, ukutani patupu.

"Mwalimu, mbona haianzi?"

Na imeshaanza zamani.

Nikapata wazo. Nikapita nyumba za karibu na shule, shikamoo kila mlango, naomba khanga za kuzibia madirisha. Kina mama wakanicheka. "Mwalimu, unaoa?" Lakini wakanipa.

Mama Somoe akanipa yake. Jirani yake, Mama Shani, naye akanipa yake. Hawa wawili wote wanauza mihogo ya kukaanga pale mbele ya shule, na siku hizo walikuwa hawasalimiani. Mimi mgeni ningejulia wapi?

Nikazitundika, maandishi yakiangalia ndani ili zipendeze. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mimi niliyekuwa nikitumwa dukani na bibi, naambiwa niulize kwanza khanga inasemaje ndipo nitazame rangi, nikasahau kabisa kwamba khanga inasema.

Video ikaonekana safi. Wala hakuna aliyeitazama.

Jua linapiga kwa nje, maandishi yale makubwa yanasomeka hata ukiwa mlangoni. Darasa zima shingo upande.

Mmoja wa mbele akaanza kuunga kwa sauti: "HA-TA U-KI-NU-NA, WA-TE-JA WA-NGU WA-TA-KU-JA."

Darasa likalipuka. "Ya Mama Somoe hiyo!"

Mwingine akadaka ya dirisha la pili: "PI-LI-PI-LI U-SI-YO-I-LA YA-KU-WA-SHI-A NI-NI."

"Ya Mama Shani! Anamjibu!"

Kumbe nimezitundika sambamba, zinagombana ndani ya kipindi changu. Napiga kelele "Tazameni mbele!", nani akusikie? Madam Hadija kule nyuma anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, sijui ya kicheko, sijui ya kunihurumia.

Ndipo Somoe akasimama. Hakuna aliyemwita. Akanyoosha kidole kwenye khanga ya mama yake, akasoma yote mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, kifua mbele, mama anatetewa.

Nikamgeukia Madam, meno yote nje. Akatikisa kichwa.

"Amekariri. Anaisikia nyumbani kila siku. Hajasoma."

Nilikasirika, sifichi. Nikaenda nikafunika maneno yote kwa daftari, nikaacha moja tu, WATEJA. "Somoe, hili nini?"

Akanitazama, akalitazama. "Ukinuna."

Basi. Madam alikuwa na haki yake, na mimi nikazima projekta.

Ila usiku kucha kichwa kilikuwa kinazunguka. Mtoto anayekikimbia kitabu, khanga kaisimamia mwenyewe. Si kwamba hapendi kusoma, hajapata cha kumfanya atake kujua kimeandikwa nini.

Nikarudi kwa kina mama, safari hii na simu. Nikaomba ruhusa, nikapiga picha khanga zao. Zile za vita nikaziacha, nilishapata akili. Picha nikaziingiza kwenye laptop, maneno nikayakata vipande vipande. Ukutani kinatokea WE, darasa linasubiri. Kinatokea MA. Wanaunga wenyewe, na hamu yao yote ni kujua khanga inasemaje na ni ya mama nani.

Madirishani je? Nikaweka magunia ya korosho. Gunia halina la kumwambia mtu.

Umeme ukikatika, na unakatika kweli, tunaazima khanga yenyewe tunaendelea.

Somoe alikwenda pole pole. Kuna siku anaunga vizuri, kesho yake kapotea. Kila nikisema kaweza, Madam ananijibu, "Hilo analijua tayari." Field ikawa inaisha na mimi naanza kukata tamaa.

Siku ya kuaga, Mama Somoe akaja ofisini na kifurushi cha gazeti. Ndani doti mpya, mikunjo ya dukani bado.

"Mwalimu, hii umfikishie mama yako Newala. Nimeinunua jana Somanga."

Nikashukuru, nikanyoosha mikono. Hakunipa.

"Ngoja kwanza. Mimi kusoma sikujaliwa. Muuzaji kanisomea, nami nikamwamini. Sasa niitie mwanangu anisomee, nijue kama sikudanganywa."

Somoe akaja. Khanga ikatandazwa mezani. Hajawahi kuiona, na mama yake alikuwa hajamwambia mtu inasemaje.

Kidole kikaanza kutembea. "A-LI... ALI-YE-NI-LE-A..." Akakwama. Nikafungua mdomo nimsaidie, Madam Hadija akanikanyaga mguu chini ya meza.

"SI... SIM-SA... SIM-SA-HA-U."

Akavuta pumzi, akarudia yote: "ALIYENILEA SIMSAHAU."

Mama yake akasema taratibu, "Ndivyo alivyoniambia muuzaji." Kisha akajifunika uso kwa upindo wa khanga aliyojitanda. Mimi nikajifanya nafunga begi.

Madam Hadija akanigeukia. "Hiyo hajaikariri," akasema. "Somoe, mwakani la tatu ukae dawati la mbele. Nyuma huko nisikuone."

Wakuu, hilo ndilo nililorudi nalo. Projekta ni nzuri, bado naipigia debe, na huko niendako nitaidai. Ila haina hamu ya kumpa mtoto. Hamu unaitafuta kwanza pale pale alipo, ndipo uwashe mashine.

Kwa mtakaouliza: Mama Somoe na Mama Shani hawasalimiani mpaka leo. Hilo limeishinda TEHAMA.

Walimu mliomo humu, nyie madirisha mnayaziba na nini? Shusheni uzoefu, na wa kunicheka anicheke tu, nimeshazoea.

Khanga nilimfikishia mama. Alipoipokea, kabla hata ya kuikunjua, akauliza, "Inasemaje?"

Nikamsomea silabi kwa silabi, kidole juu ya kitambaa, nikakwama pale pale alipokwama Somoe.