Dada Alijua Sikumwangusha Mtoto

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, naishi Ikuti kwa dada yangu, nilikuja kumsaidia uzazi. Hili sijamwambia mtu, hata mama: mtoto wa dada hakuanguka mikononi mwangu, na dada anajua.

Jumapili nilikuwa nimempakata. Mdomo ukawa unanyonya wakati hauna kitu, mkono mmoja unarukaruka. Nikaushika taratibu, ukaendelea kuruka ndani ya kiganja changu. Nikamwita dada, naye akamwita mama mkwe wake.

Bibi akacheka. "Gwe binti, umezaa wangapi? Anacheza na malaika huyo."

"Bibi, isije ikawa degedege. Twende zahanati."

"Usilitaje jina hilo! Na mtoto hatoki nje kitovu hakijadondoka."

Baadaye tukimenya ndizi, dada akaninong'oneza, "Hata mimi naona siyo malaika. Ila nikimpinga mama mkwe, hapa nitaishije?"

Jumanne mtoto akakakamaa, midomo ikabadilika rangi. Ndipo tukapanda bodaboda mpaka hospitali, Tukuyu. Daktari akauliza hali ile imeanza lini. Bibi akawahi: "Leo hii. Huyu binti kaponyokwa na mtoto akimwogesha."

Nikamtazama dada. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, nilijua atanitetea. Akainamisha kichwa. "Ndiyo, daktari."

Mimi nina aibu, mbele ya watu sauti hainitoki. Nilisimama tu na kanga ya mtoto mkononi.

Sindano imemtuliza, lakini bado yuko wodini, daktari anatafuta chanzo. Alisema kichanga akianza vile aletwe palepale, kila saa ina maana kwa ubongo wake. Shemeji hanisemeshi. Bibi anawaambia majirani, "Mikono ya kushika kalamu hiyo, italea nini?" Dada naye ananibembeleza: "Mdogo wangu, nivumilie. Wewe utaondoka, mimi nitabaki hapa."

Kesho daktari anapita tena. Nikisema ukweli, huenda nikavunja ndoa ya dada. Nikinyamaza, daktari ataendelea kutafuta jeraha la mtoto ambaye hakuanguka, na hatajua kwamba alianza tangu Jumapili.

Ndugu zangu, nishaurini, ninyi mngefanyaje? Na wewe wa huku kwetu, kama umetutambua, nakuomba usimwambie mtu. Acha daktari ayasikie kwangu kwanza.