Shikamoo Ishirini Ndani ya Chumba cha Mtihani

Bora nikiri mwenyewe, maana hapa Kerege hata ninayekutana naye dukani akinunua chumvi hunikumbusha: mimi ndiye mama niliyewafungia watoto ishirini mtihani kwa sababu ya adabu njema. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mtunza stoo wa shule, kidato cha nne nilikimaliza kwa kuburuzwa, na sina makuu zaidi ya kuwahi kwangu nikavua viatu. Zilipoletwa laptopu za mtihani wa mtandaoni nikakabidhiwa ufunguo wa kabati la chuma, nikaulinda kwelikweli (niliufunga kwenye pindo la kanga, nikilala nao). Siku ya mtihani Mwalimu Tatu, msimamizi, akaniambia, "Bi Mgeni, kaa nje mpaka nikuite." Ningekaa! Lakini nyumbani nilikuwa nimebandika kunde, nikasema ngoja niingie kimyakimya nizihesabu laptopu zangu kabisa, wakimaliza tu nifungie niondoke.

Nikavua makubadhi, nikanyata. Hatua ya tatu tu, watoto wote ishirini, waliolelewa wakaleleka, wakageuka: "Shikamoo mamaaa!"

Na mimi, kwa sauti ya harusini: "Marahaba wanangu!"

Vioo vyote vikawa vyekundu kwa mpigo, vikaandika kwamba mtahiniwa ametazama pembeni na kuzungumza na mtu, mtihani umefungwa. Subhanallah! Vile vijicho vidogo juu ya kioo, ambavyo nilikuwa navifuta vumbi kila asubuhi nikidhani ni urembo, kumbe vinaona, na mashine inasikia!

Zena, wa mstari wa mbele, ambaye mtihani ule ndio ungempa nafasi ya kusomeshwa bure, akaanza kulia. Nikainama kumbembeleza, mashine yake ikaongeza: nyuso mbili zimeonekana.

"Bi Mgeni! Usiguse, usiseme, usipumue!" Mwalimu Tatu huyo.

Akawapigia wenye mtihani. Wakasema aliyeingia ajieleze mbele ya kamera, la sivyo wote watahesabiwa wameibia. Nikasimama, nikajiona kioo kizima, mtandio upande, makubadhi kwapani.

"Ni mimi," nikaiambia mashine. "Watoto tumewafunza wenyewe kuamkia wakubwa. Mwenye makosa hapa ni mkubwa."

Kisha kioo kimoja kikarudi cheupe, cha pili, cha tatu, mpaka vyote, na mimi mdomo wazi kama niliyeona mwezi ukipasuka. Sauti ya kijana ikatoka kwenye mashine: "Shikamoo mama. Tumewafungulia, waendelee."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Sikuitikia. Mtanisamehe, lakini mtu hachezi na kitu kile mara mbili.

Zena nafasi yake aliipata. Kunde zangu ziliungua mpaka sufuria. Mtihani ukianza siku hizi, mimi nakaa langoni, na chumba kile siingii hata niitwe kwa ngoma. Na asubuhi, kabla sijavifuta vile vijicho, naweka mtandio sawa kichwani kwanza.