Fahali kwenye kadi ya mwenyekiti: programu yangu ya kwanza, Kakamega

Wakuu, salamu kwenu wote, pamoja na nyinyi mnaosoma kwa kujificha mkiwa kazini.

Juzi vijana walikuwa wanabishana hapa kuhusu library gani ni nzuri ya kutengeneza vCard. Nilicheka peke yangu. Leo nawapa yangu, na sitaongeza chumvi, maana yenyewe ilikuja na chumvi ya kutosha.

Kwa wasiojua, vCard ni business card ya kompyuta. Ni faili ndogo tu: jina, cheo, simu, anwani, na ukipenda, picha. Ukiifungua, mtu anatokea kwenye skrini.

Haya, twende.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kwenye bureau moja ndogo Kakamega mjini. Kazi ilikuwa typing, photocopy, kadi za harusi na programu za mazishi. Mimi ni mtu wa Butere. Niliingia mjini na cheti cha computer college, suruali mbili na kujiamini kwingi kuliko nilivyostahili.

Kisha nikapenda.

Rodah alikuwa mwalimu wa nursery, na kwao ni Amalemba. Baba yake, Mzee Lumbasi, alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa hilo. Mtu wa tai, hata siku ya kufyeka nyasi. Nilimwogopa waziwazi.

Nilipoenda kujitambulisha, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kompyuta.

"Hiyo ni kazi ama ni mashini?" akauliza, kisha akaendelea na chai yake.

Rodah alinifafanulia baadaye kwamba baba hakuwa amekataa, ila pia hakuwa amekubali. Na bila yeye kukubali, wajomba zangu wasingekanyaga boma lile kuanza mazungumzo ya ndoa.

Bahati ikanijia. Kamati ilitaka waumini walioko Nairobi na ng'ambo wajue ni nani wa kuwasiliana naye kuhusu ujenzi. Rodah akamwambia baba yake kwamba ninaweza kuwatengenezea wanakamati kadi za kompyuta, zitumwe kwenye disketi.

Mzee akasema, "Kijana akuje Jumapili baada ya ibada, tuone hiyo mashini yake. Ikifanya kazi, tutaongea na hayo mengine."

Hayo mengine niliyaelewa vizuri sana.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi alikuwa amenipa library ya C++. Library, kwa mliopotea kutoka jukwaa la mapishi, ni code ambayo mtu mwingine ameshaiandika. Wewe unaiita tu: weka jina, weka simu, badilisha cheo, hifadhi. Mimi nilijiona profesa.

Hapa nipumzike kidogo. Mnajua sehemu ya simu ilivyonitesa? Karibu kamati nzima ilileta namba moja, ya duka lililokuwa karibu na kanisa. Sehemu ya email ndiyo usiseme. Mama mmoja aliniambia niache hapo wazi, atainunua mwezi ujao.

Sasa, ili kujaribu programu nilitumia kadi ya mteja wetu, Mzee Shivachi. Huyu alikuwa na fahali anayeitwa Dereva. Wasio wa Kakamega wajue kwamba kwa Waisukha na Waidakho fahali hupiganishwa asubuhi na mapema, ngoma za isukuti zikilia, na fahali anayeshinda ana jina kuliko diwani. Shivachi alikuwa ametaka kadi yenye picha ya Dereva, si yake mwenyewe.

"Mimi watu hawanijuanga," alisema. "Wanajuanga Dereva."

Nikapeleka picha Kisumu ikapigwa scan. Ikatoka safi: Dereva na mabaka yake meupe, ameinamisha kichwa, anakutazama kama umemkosea.

Wanakamati nao wakaleta picha zao za passport, isipokuwa mwenyekiti. Mzee Lumbasi alisema sura yake inajulikana. Kwa hiyo kwenye rekodi yake sehemu ya picha niliiacha tupu.

Jumamosi nikaziendesha kadi zote kwa mpigo mmoja. Ya Shivachi ilikuwa bado iko mwanzo kabisa wa orodha, ikifuatwa na ya mwenyekiti, kisha wengine. Nikakagua zile zenye picha, zote zilikuwa sawa. Ya mwenyekiti haikuwa na picha, nikaona hakuna cha kukagua.

Jumapili tukaibeba kompyuta kwa mkokoteni hadi kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walijaa. Pasta alikaa mbele, Mzee Lumbasi kando yake, na mkewe, Mama Rodah, nyuma yao na akina mama wenzake.

Niwaambie pia kwamba kanisa lile halikutaka kusikia mambo ya kupiganisha fahali. Na aliyeyakemea kuliko wote alikuwa Mzee Lumbasi.

Nikasema tutaanza na mwenyekiti wetu. Nikabonyeza.

Jina likatokea: Lumbasi. Cheo: Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi. Halafu picha ikaanza kushuka polepole kama zilivyokuwa zinashuka enzi zile. Pembe. Macho. Mabaka.

Dereva.

Nilifungua mdomo nieleze, lakini Mzee Lumbasi alikuwa ameshasimama.

"Pasta," akasema, "kabla hii mashini iseme mengine, wacha niseme mimi mwenyewe. Ni kweli. Niko na ng'ombe ndume. Inafugwanga kwa mpwa wangu huko Khayega."

Wakuu, hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Akasogelea skrini, akainama, akakunja uso. "Lakini hii si yangu. Yangu ni nyeusi yote."

Mama Rodah akasema kutoka nyuma, bila hata kusimama, "Lumbasi, keti. Molasses ya ng'ombe inanunuliwanga kila wiki na kwetu nyumbani hatuna hata mbuzi. Ulidhani nafikiria unakunywa?"

Akina mama wakaangua kicheko. Pasta alijaribu kukaza uso ikashindikana. Akauliza, "Na imeshapigana?"

"Bado, pasta. Imekosa mwenzake."

"Basi kama haijapigana, leo hatuna kesi. Kijana, tuonyeshe anayefuata."

Nikaendelea na kadi zilizobaki. Zote zilifanya kazi vizuri, lakini moyoni nilijua nimekwisha. Nilikuwa nimemwaibisha baba wa Rodah mbele ya kanisa zima. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula, na mimi si mtu wa kuacha obusuma, ugali wetu, hivihivi.

Kosa nililiona baadaye. Nilikuwa natumia object ileile, yaani chombo kilekile cha kubebea taarifa, kwa kila kadi bila kuifuta kwanza. Mtu akikosa kitu, anabaki na cha mwenzake aliyetangulia. Mwenyekiti hakuwa na picha, akarithi ng'ombe.

Jumatatu mzee akaingia bureau. Nikasimama. Mama mwenye bureau akaenda kushughulika na photocopy iliyokuwa imezimwa.

"Ile picha umetoa?"

"Nimetoa, mzee. Nisamehe sana."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa picha na kuiweka juu ya keyboard. Fahali mweusi tii, na kando yake Mzee Lumbasi anacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

"Ya kanisa wacha bila picha," akasema. "Lakini nitengenezee ingine, yangu. Hii weka hapo."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na uambie wajomba zako wakuje Jumamosi. Saa nane. Asubuhi niko na shughuli."

Somo la code ni hilo: futa object kabla ya kuanza rekodi mpya, na kagua hata ile unayodhani haina kitu. Somo la pili ni kwamba miezi yote ile nilikuwa naogopa cheo cha mtu, kumbe mwenyewe alikuwa amechoka kukibeba. Nilifurahi sana kumjua yule mwingine.

Jumamosi ile wajomba zangu walifika saa nane kamili wakiwa wamejiandaa kwa mabishano makali. Mzee akaja akiwa amechelewa, ana matope hadi magotini, na sauti imemkauka yote kwa kushangilia. Mjomba mmoja akaeleza haja yetu yote, na mzee, kwa kuwa hakuweza kutoa hata neno moja, akakubali kila kitu kwa kuitikia kwa kichwa.

Haya, nimemaliza. Wewe programu yako ya kwanza ilimwaibisha nani? Semeni hapo chini, mimi na Rodah tunasoma.